Shangazi, fundi anasema tofali 1,200 zinatosha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 37 na watoto watatu. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, kwenye nyumba yetu tuliyohamia mwaka juzi ikiwa haijapigwa hata plasta ya nje. Mume wangu ni dereva wa malori ya kwenda Lubumbashi. Akitoka ametoka, wiki tatu, mara nyingine tano. Nyumbani nabaki mimi, watoto na binti anayenisaidia kazi.

Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 25 na kiko mteremkoni. Upande wa juu anakaa mzee mmoja mstaafu na mkewe, upande wa chini ni barabara ya mtaa. Hatuna uzio wa aina yoyote. Mwezi wa kumi na moja waliiba pampu ya kisima. Wiki mbili baadaye wakachukua kuku sita na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Kisha asubuhi moja nikakuta nyayo za viatu chini ya dirisha la chumba cha watoto. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka, jani likidondoka nakaa kitandani.

Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kilivunja na kugawana akiba Desemba, nikachanganya na alichotuma mume wangu, tuna Sh milioni 6.5. Ugomvi umeanzia hapo. Mume wangu anataka ukuta wa tofali, juu yake chupa zilizovunjwa, na ameshasema akirudi aukute umesimama. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Rombo kutusaidia, anasema tupande michongoma na hela ipigwe plasta. Kwao Uchagani mpaka ni masale, mmea wa kuheshimiana na kusameheana, na mtu mwenye akili haruki masale.

Nimemwita fundi. Amesema ukuta wa mita 2 kuzunguka kiwanja chote, pamoja na geti la mita 4, utaishia milioni 6.3. Ameniandikia: tofali za inchi 6, 1,200 kwa Sh 1,300 kila moja, saruji mifuko 45, nondo za milimita 10, pisi 12, mchanga lori mbili, geti, na ufundi wake. Anataka nusu ya hela zote kabla hajaanza, na anasema tuwahi kabla ya masika.

Yapo mawili mengine. Mzee wa juu anaamini mpaka wetu ni mwembe, lakini bikoni, alama ya mpaka iliyowekwa na wapimaji wa urasimishaji wa ardhi, iko kama mita moja kupita mwembe, kwa upande wake. Huyu mzee ndiye aliyetupa maji tulipokuwa tunajenga, bila kutudai hata senti. La pili, mvua ikinyesha sana, maji yanashuka kutoka kwake, yanaingia kwenye kona yetu ya juu, yanapita pembeni ya jiko na kutokea barabarani. Vuli iliyopita ukuta wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ulilala chini wote upande mmoja.

Nijenge nini, Shangazi? Tofali 1,200 zinatosha kweli? Na kwa mzee naanzia wapi?

Mama Neema, Goba

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa zile nyayo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye dirisha la watoto moyo unanidunda.

Kwa hiyo kabla ya uzio, fanya mambo ya wiki hii. Weka taa mbili za nje, moja ikimulika dirisha hilo na nyingine upande wa kisima. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukaandikishe matukio yote matatu, hata la kuku, na uulize zamu za ulinzi shirikishi zinapita saa ngapi kwenu. Namba ya simu ya mzee wa juu iwe ya kwanza kwenye simu yako na kwenye simu ya binti. Hayo hayali hata laki mbili, nawe utaweza kufikiri juu ya uzio bila hofu kukusukuma. Uzio unaojengwa kwa hofu ndio unaoliwa na mafundi.

Sasa chukua karatasi ya fundi na kalamu nyekundu, maana wewe ni mwalimu, usahihishe.

Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mzunguko wa mita 90. Toa geti la mita 4, unabaki na mita 86. Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45 hivi, na ukiongeza udongo wa kuungia linachukua sentimita 46. Gawa: kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, kuzunguka kiwanja inakula tofali 187. Kila kozi inakupandisha sentimita 24. Ili ufike karibu mita 2 unahitaji kozi 8 juu ya ardhi. Chini ya ardhi, kwenye mteremko kama wenu, sikubali pungufu ya kozi 3. Jumla kozi 11, yaani tofali 2,057 kabla hujahesabu zitakazovunjika kwenye lori.

Yeye ameandika 1,200. Hizo ni kozi 6 na kidogo. Hata akizipanga zote juu ya ardhi, bila kuzika hata moja, ukuta utaishia mita moja na nusu.

Endelea na nondo. Nondo nzima ina mita 12. Nguzo ya ukuta wa mita 2 inataka nondo 4, kila moja karibu mita 3, kuanzia chini ya msingi hadi juu. Kwa hiyo nguzo moja ni nondo nzima moja, na pisi 12 ni nguzo 12. Ukizigawa kwenye mita 86 unapata nguzo moja kila mita 7. Mimi nataka nguzo kila mita 3, na za geti ziwe nene zaidi. Hiyo ni nguzo karibu 29. Ukuta mwembamba wa inchi 6 unaokaa mita 7 bila nguzo ni pazia, upepo wa kwanza na maji ya kwanza vitakuonyesha.

Halafu tafuta neno moja kwenye karatasi yake: kokoto. Halipo. Hakuna kokoto, maana yake hakuna zege. Hakuna zege, maana yake hakuna msingi wala nguzo, kuna nondo zilizosimamishwa katikati ya mchanga na saruji. Sisemi huyu fundi ni mwizi. Inawezekana amezoea wateja wanaouliza bei tu, kwa hiyo amejifunza kuandika bei wanayotaka kuisikia. Lakini alichokuandikia si ukuta wa mita 2.

Najua ninachosema kwa sababu nilishalipa. Ukuta wetu wa nyuma, nyumba ya kwanza tuliyojenga, ulianguka usiku wa masika, saa nane. Ulitoa mlio kama lori linalomwaga kifusi. Banda la kuku lilikuwa chini yake. Asubuhi nilisimama pale na khanga imelowa, nikainama kuangalia mahali ukuta ulipokuwa umekaa. Chini ya tofali la kwanza kulikuwa na nyasi. Mizizi bado ilikuwa hai, myeupe, imejisokota. Fundi hakuchimba, hata kufyeka hakufyeka. Alipanga tofali juu ya nyasi, akapiga plasta, akachukua hela, na mimi niliyekuwa kazini mchana kutwa nilikuta ukuta mzuri, umenyooka. Mwanangu wa pili alikuwa na kawaida ya kucheza pale.

Na kilichouangusha hasa ni maji. Watu wanadhani ukuta unaangushwa na udhaifu wake, lakini kwenye mteremko ukuta ni bwawa. Maji yanashuka, yanakuta mita 20 za tofali zimeziba njia yao ya siku zote, yanasimama. Udongo ulio nyuma unalowa na kuwa mzito, unaanza kusukuma. Tofali la inchi 6 halikutengenezwa kuzuia mlima. Naamini ule ukuta wa nyumba ya tatu kutoka kwenu, ulioniambia umelala upande mmoja, umelala kuelekea chini. Nenda ukaangalie. Tazama pia kama una matundu ya kutolea maji hata moja.

Ndiyo maana sikubaliani na "tuwahi kabla ya masika". Wewe unayahitaji hayo masika. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha mchana, vaa mabuti, chukua mwavuli na vijiti kumi vya ufagio, ufuate maji kutoka kona ya juu hadi barabarani. Kila yanapopita, chomeka kijiti upande wa kulia na upande wa kushoto wa mkondo. Mvua ikikatika utakuwa na ramani ambayo hakuna fundi atakayekuchorea. Ile njia kati ya vijiti usiizibe kamwe. Hapo patakuwa na mfereji uliojengewa, wenye mahali pa kuingilia juu na pa kutokea chini, mdomoni ukiwa na nondo za kuzuia mtu na takataka kubwa.

Sasa bikoni na mzee.

Hili lina uzito kuliko tofali, na nimefurahi kwamba limekukosesha amani, maana wapo wanaoanza na tofali kisha wakaonana mahakamani. Kisheria, kama urasimishaji wenu umefika hatua ya ramani ya upimaji kuidhinishwa, bikoni ndiyo inayosema, na mwembe ni mwembe. Lakini mzee ameishi na mwembe huo miaka mingi kuliko bikoni. Ukimpelekea mafundi na jembe atasikia kwamba umemwibia, hata kama karatasi ziko upande wako.

Nenda na mama mkwe wako. Tena mwache yeye ndiye aongee kwanza. Nendeni jioni, si kwa habari ya mpaka, ila kumshukuru kwa maji aliyowapa wakati wa ujenzi, jambo ambalo pengine hamjawahi kulifanya rasmi. Baada ya hapo mwambie ukweli: nataka kuweka uzio kwa sababu ya wezi, na sitaki kuweka hata kijiti kabla wewe hujaridhika na mpaka. Mwombe mkubaliane siku, aje mpimaji na mwenyekiti wa mtaa, bikoni zote nne zitafutwe na kuonyeshwa mbele ya wote. Gharama ya mpimaji beba wewe, ndiye unayejenga. Mkimaliza, andikeni karatasi moja, mzee asaini, wewe na mume wako, mwenyekiti na mashahidi, kila mmoja abaki na nakala. Na nasema mume wako pia, kwa hiyo siku hiyo iwe ambayo yuko nyumbani.

Kama bikoni ni sahihi na mzee ameumia kuhusu mwembe, mwachie matunda. Mwembe utakuwa ndani ya uzio wako, lakini embe ziwe zake maadamu yuko hai, na iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Kukatwa kwa mti huo kusitajwe kabisa. Uzio nao uingie ndani kwako sentimita 30 kutoka kwenye mstari, ili msingi usitambae kwake na upate nafasi ya kuukarabati. Bikoni yenyewe isiguswe wala isifukiwe na zege, ibaki ikionekana.

Ikishindikana kabisa, liko Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mtu aliyekupa maji bure ukiwa unajenga si mtu wa kuanza naye huko.

Upande wa barabara nako usipasahau. Kwenye urasimishaji upana wa njia uko kwenye mchoro, na ni huo wa kufuata, si ule mstari ambao majirani wamezoea kujisogezea. Nimeona mitaa ambayo kila mtu alisogeza ukuta nusu mita mbele, mwisho wake gari la kunyonya choo haliingii, na siku ya msiba jeneza linabebwa mabegani kutoka barabara kubwa. Kabla hujachimba pita pia Manispaa ya Ubungo, ofisi ya mipango miji, uulize kibali. Uzio wa tofali nao ni ujenzi. Na waulize majirani bomba la maji la mtaa limepita wapi, kwa sababu huko mabomba mengi hayakuzikwa hata nusu mita.

Turudi kwenye swali lako: ukuta au michongoma? Mimi naongeza la tatu, wavu wa waya. Ningekuwa mimi, na milioni 6.5, na mume aliye barabarani, na mzee wa namna hiyo juu yangu, ningefanya vyote vitatu, kila kimoja mahali pake na wakati wake.

Mkishasaini, zungusha wavu pande tatu, juu na ubavuni kote, mita 70. Nguzo za zege au za bomba kila mita 2.5, karibu nguzo 29, zimezikwa sentimita 60 na kumwagiwa zege. Za kona ziwe na mikono miwili ya kuziegemeza, la sivyo wavu ukikazwa zinainama ndani kama mtu aliyeumwa tumbo. Waya za kukazia ziwe tatu, juu, katikati na chini. Wavu wenyewe uzike sentimita 15 ardhini ili mbwa na mtu mwembamba wasipenye chini. Kwenye ule mkondo wa vijiti, zuia tu kwa nondo zilizosimama, maji yapite.

Dukani kuwa macho na geji. Ni kama mabati: geji 28 ni nene kuliko geji 32. Wavu nao, namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Muuzaji atakusifia geji 16 kama vile ni daraja la juu, kumbe mtu anaukata kwa plaizi ndogo kama anakata uzi. Omba geji 12 au 12.5, iliyopakwa zinki vizuri, na roli ifunguliwe ipimwe mbele yako kabla hujalipa.

Masika yakianza, panda michongoma ndani ya wavu, mistari miwili, mche kutoka mche sentimita 30, mstari wa pili ukiziba mapengo ya wa kwanza. Hapo mama mkwe wako yuko sahihi kuliko alivyopewa heshima. Itachukua miaka miwili au mitatu kuwa mizito, inataka kupogolewa ili inenepe chini isikimbilie juu, lakini ikishikana na wavu, mwizi hana mahali pa kuweka mkono. Kama mtu atakushauri minyaa kwa sababu inaota haraka, kataa. Utomvu wake mweupe ukimwingia mtoto machoni ni hospitali, na nyumba ina watoto watatu. Mbono nao ni wa kukataa, mbegu zake ni sumu na zinavutia kwa watoto wanaochezea kila kitu. Upande wa jiko na kamba ya nguo, unakotaka kujisitiri, panda bogonvilia mbele ya wavu. Ina miiba, inavumilia kiangazi, na inaota kwa kipande cha tawi.

Upande wa barabara weka kwa sasa mirunda na seng'enge, na geti la muda. Ukuta usubiri likizo ya Juni. Masika yatakuwa yameisha, ardhi inachimbika, na wewe utakuwepo mchana kutwa. Hilo la kuwepo nalisisitiza kuliko yote.

Ukuta wa mbele, ukitoa geti, ni mita 16 tu. Kozi moja ni tofali 35, kozi 11 ni 385, nunua 410. Kwa bei ya fundi wako hiyo ni Sh 533,000. Kwa hela hizo unaweza kudai ukuta ulio sawasawa: shimo mpaka ukute ardhi ngumu, lisipungue kina cha zege na zile kozi 3 za chini, zege la kokoto chini, sentimita 15, nguzo kila mita 3, mkanda wa zege wenye nondo juu ya msingi na mwingine juu ya kozi ya mwisho. Kama ardhi inashuka hata kwa ubavu, msingi uende kwa ngazi, kila ngazi ikiwa imelala sawa kwa pima maji. Msingi unaofuata mteremko unateleza nao. Kwenye kozi ya kwanza juu ya ardhi acha vipande vya bomba la inchi 4 kila mita 2, na ule mlango wa mkondo uwe mpana kama vijiti vitakavyosema.

Tofali zijaribu kabla hazijashushwa. Kwangua kona kwa msumari. Likimwagika kama sukari, lirudi. Muulize mfyatuaji mfuko mmoja unatoa tofali ngapi, na akijisifu kwamba anatoa 50 za inchi 6, mshukuru uondoke. Udongo wa kujengea, mfuko mmoja wa saruji usizidi ndoo 9 za mchanga za lita 20. Na zikishajengwa zimwagiliwe asubuhi na jioni, siku saba. Watoto wataipenda kazi hiyo.

Nusu ya hela kabla ya kazi, hapana. Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi ulipe kwa hatua: msingi ukikamilika na umeuona kabla haujafukiwa, nguzo zikimwagwa, kozi zikiisha, na kipande cha mwisho ukibaki nacho wiki mbili baada ya kumaliza. Mifuko mitupu ya saruji ikusanywe kila jioni, uihesabu. Fundi mzuri haoni vibaya kuhesabiwa.

Geti nalo lisikuharakishe. Nguzo zake ziwe na nondo 4 za milimita 12, zishuke chini kuliko nyingine zote, na zege likae wiki nne kabla hujaning'iniza chuma. Langu lilining'inizwa siku ya tatu, na mpaka tunahama lilikuwa likiburuzwa kwa watu wawili. Halafu angalia mteremko: kama ardhi inapanda kuelekea ndani, geti la kufungukia ndani litakwama kwenye udongo, na la kufungukia nje linachukua njia ya watu. Kwako nadhani ni la kusukuma pembeni.

Na baba Neema. Usimpe barua hii kama kesi uliyoshinda. Mtu anayelala kwenye lori Tunduma, akijua watoto wake wako peke yao, anataka ukuta kwa sababu hawezi kuwa mlangoni mwenyewe. Mwambie umemsikia. Kisha mwambie hivi: ukuta mrefu unamzuia mwizi dakika mbili, akisharuka unamficha usiku kucha. Kwa wavu, mzee wa juu akiwa barazani kwake anauona mlango wa jiko lako, na mkewe anaiona kamba ya nguo. Chupa zilizovunjwa hazijawahi kupiga kelele. Mzee atapiga. Mwonyeshe na hesabu ya nondo. Dereva anaelewa mzigo na ekseli, ataona mwenyewe kwamba nguzo 12 hazibebi mita 86.

Mama mkwe akirudi tena kutoka Rombo, aje na masale mawili, yapandwe pale kwenye bikoni za juu, moja kila kona, mzee akiwepo. Hayazuii mwizi, lakini yeye anajua yanazuia nini.

Ukishachomeka vijiti kwenye mvua ya kwanza, pima umbali kati ya cha kulia na cha kushoto mahali mkondo ulipotanuka zaidi, na kina cha maji ulichokiona kwenye buti. Niandikie namba hizo mbili kabla ya Juni, tupange upana wa mfereji.

Shangazi